Asilimia Themanini na Tisa

S.L.P. 63,
Uriri, Migori.

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Walter,

Pokea salamu zetu, nyingi kuliko matope ya soko la Uriri msimu huu, na matope unayajua. U hali gani huko Winnipeg? Ule mguu ulioteguka kwenye barafu umepona, au bado unatembea ukichechemea na kuwaambia watu kwamba hujambo? Lynnet na watoto je? Mama yako mdogo Marcella amesema uvae soksi mbili mbili. Nilimwambia wewe ni mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akaniuliza tangu lini baridi ikaangalia umri.

Sisi huku miili ni mizima. Shinikizo langu la damu halipandi wala halishuki, limekaa tu kama mgeni asiyeaga. Magoti ya Marcella ndiyo yanayomsumbua, hasa mvua ikinyesha, na mwezi huu imenyesha bila huruma. Mahindi ya shamba la chini yamelala yote. Dukani watu wananunua dawa ya kupe na kulalamika bei, kwa hiyo huko hakuna jipya.

Barua hii anakuletea Dolphine, binti wa Machuki jirani yetu, anayekuja huko kusoma uuguzi. Mpokee vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu ni ya nyumba nzima. Nikikosa miwani, Marcella ndiye hunisomea ujumbe na kunijibia pia. Haya ninayokuandikia sitaki ayasome. Ukinijibu, mpe Dolphine maneno ya kawaida tu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Ile kazi tuliyohangaika nayo wewe na mimi tangu mwezi wa sita imekwisha, na hatukufaulu.

Najua mengi unayajua, lakini nitaanza mwanzo, maana mtu akisimulia msiba huanza mwanzo hata kwa aliyekuwapo. Ni wewe uliyemwekea binti yangu Joyline mfumo wa Linux kwenye ile kompyuta kuukuu ulipokuja Desemba ya mwaka wa ishirini na mbili. Ni wewe pia uliyemwonyesha ule mradi wa watafiti wa selimundu, ugonjwa wake wa damu. Wana hesabu nyingi kuliko mashine zao, wakawaomba watu wa dunia nzima wawaazime kompyuta za nyumbani zikiwa hazina shughuli. Mashine hupewa kipande cha hesabu, hukifanya, hukirudisha, na mwenye mashine huandikiwa alama kwenye ukurasa wao. Malipo hakuna. Nilipoelezwa nilicheka, nikamuuliza kama amemaliza kusaidia Uriri ndipo ahamie ng'ambo.

Hakukasirika. Aliniambia, "Baba, mimi kila siku ni kupimwa tu. Wacha pia mimi nipime."

Sikucheka tena. Nilimnunulia betri ya sola na inveta ili stima ikipotea mashine isikatike. Kila Alhamisi alikuwa akinisomea alama zake mezani, na mimi nikijifanya sisikii ilhali nasikia.

Tulimzika mwezi wa tatu. Ulitazama mazishi kupitia simu ya rafiki yako Okari, ukaona umati, na mengine yote ya siku ile siwezi kuyaandika hata leo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwenye ule ukurasa jina lake lilibaki: Joyline wa Uriri, alama elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.

Mwezi wa sita uliponiambia kwamba mradi utafungwa tarehe mbili Novemba, kitu kilinishika. Nilitaka namba ile isogee mara moja tu kabla hawajafunga. Sitakudanganya kwamba niliijali hesabu yao. Nilitaka mtu fulani mahali fulani apokee kitu kutoka kwa mtoto wangu, wakati sisi wote tumeshazoea kusema alikuwa, alikuwa.

Ulinivumilia, mwanangu. Mzee wa dawa za ng'ombe uliyemfundisha kuandika amri kwenye kile kidirisha cheusi, anaandika kwa kidole kimoja huku akitafuta herufi. Mashine ilipowaka mara ya kwanza iliamini ni mwaka wa elfu mbili na kumi, na seva ya mradi ikakataa kuzungumza nayo. Tukagundua kile kibetri kidogo cha mviringo cha ndani kimekufa, nikanunua kingine kwa fundi wa saa. Halafu programu ikakatazwa kufungua mafaili yake yenyewe, kwa sababu mimi niliyahamisha kwa nywila ya msimamizi, yakawa mali ya msimamizi. Mwenye nyumba akafungiwa nje. Ulinitumia mstari mmoja wa kurekebisha, nami nikauandika ovyo nikaharibu zaidi, na ukakaa nami kwenye simu hadi ukachelewa kazini.

Kisha ikakubali. Siku ile Agosti nilipoona hesabu imeanza kutembea, asilimia moja, asilimia mbili, nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye migomba. Marcella alidhani nimeumwa na tumbo.

Ndipo tukaingia kwenye themanini na tisa.

Wiki tisa, Walter. Kila wiki ilipanda vizuri mpaka asilimia themanini na tisa, na kila wiki ikarudi sifuri. Kazi ikipitwa na tarehe yake, tunaletewa nyingine, nayo inafia palepale. Nilikuandikia kwamba mashine imekwama. Ukasema huenda ni joto, nikapuliza vumbi na kuweka feni. Ukasema huenda ni memori, nikaichomoa nikaisugua kwa kifutio cha penseli kama ulivyonielekeza. Ukasema tufute programu tuiweke upya, tukafuta, tukaweka. Uliniuliza kila swali isipokuwa moja, na mimi nikakueleza kila kitu isipokuwa hicho.

Mradi ulipoacha kutoa kazi mpya katikati ya Oktoba, tulibaki na ile iliyokuwa tayari ndani ya mashine, mwisho wa kuipokea tarehe mbili. Nikaona nimeshindwa. Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu niliifunga kompyuta kwa blanketi, nikaipeleka Homa Bay kwa Clifford.

Clifford ni yule fundi aliyemuuzia Joyline mashine hiyo alipokuwa akifunga saiba yake ya intaneti. Siku hizi ana kibanda karibu na wauza samaki, na skrubu zake zote zinanuka omena. Alinikalisha, akaunganisha waya, akasoma kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe. Alisoma kwa muda mrefu. Mwisho akageuka.

"Jaduong', mzee wangu, hii mashine haina ugonjwa," akasema. "Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni kuna mtu anaizima. Jumamosi jioni anaiwasha tena. Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa unaizimia nini?"

"Si Sabato inaingia."

Clifford ni Mkatoliki, lakini hakunicheka, namshukuru kwa hilo. Alichukua karatasi akaniandikia. Kazi moja kwenye mashine ya umri ule huchukua saa mia moja na sitini. Kazi za miradi mingi, ukizima, huendelea pale zilipoachia. Hizi za mradi wetu hazina alama ya njiani. Ukizima, umeanza upya. Na mimi, tangu Jumamosi jioni hadi Ijumaa jioni, naipa mashine saa mia moja arobaini na tatu.

"Haijakwama themanini na tisa," akasema. "Ni wewe unaikata hapo."

Mwanangu, sikukuficha. Sikukuambia kwa sababu halikuwa jambo la kumwambia mtu. Nani huandika barua kusema kwamba huvua viatu kabla ya kulala? Kila Ijumaa tangu nikiwa mtoto, jua likielekea kuzama, sufuria zinaoshwa, redio inazimwa, duka linafungwa. Wewe mwenyewe ulilelewa hivyo kwa marehemu ndugu yangu Osoro, ingawa naona theluji imekusahaulisha. Amri ya Sabato inamtaja mtumishi, inamtaja ng'ombe. Nikaona hata kompyuta ipumzike.

Tulijaribu palepale kuilaza badala ya kuizima. Ililala vizuri sana, haikuamka. Kuhamishia kazi kwenye mashine nyingine hakukuwezekana, maana mashine zote za Clifford ni vikongwe wenzake. Kazi ile ya mwisho ilibidi ianze upya pale nyumbani.

Ndipo nikauliza swali ambalo ningelimeza kama ningejua. Nikamwambia, basi Joyline aliwezaje? Miaka miwili, kazi baada ya kazi, na Sabato ni zilezile.

Clifford akarudi kwenye zile kumbukumbu, akapanda nazo juu, miezi na miezi. Aliacha kuniangalia.

"Jaduong', huyu dada hakuwa anazima," akasema.

Hakuzima hata Sabato moja. Nilikaa pale nikinusa omena nikakumbuka ile leso yake nyekundu yenye maua ya manjano. Kila Ijumaa aliitandaza juu ya kompyuta, nami nikimuuliza kama tayari anajibu, "Tayari, Baba." Niliwahi kusimama mbele ya vijana kanisani nikamtolea mfano, kwamba binti yangu hata mashine anaifunika kwa heshima ya siku ya Bwana. Alikuwa ameketi safu ya pili akitazama viatu vyake. Na ule mvumo uliokuwa ukisikika chumbani mwake, aliniambia ni feni ya inveta. Leso yenyewe aliifunika mbele tu, nyuma akaacha wazi. Mimi nilidhani leso ni fupi. Kumbe aliiacha ipumue.

Nilikasirika, Walter. Kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu, kwa sababu huna wa kugombana naye. Nilikasirika njia nzima kurudi, Rongo mpaka Uriri, kompyuta mapajani. Nilipofika nyumbani nikaenda kusimama chumbani mwake, hasira ikaisha, ikabaki aibu. Mtoto alijua siku zake ni chache. Alizihitaji na za Sabato pia, na hakuweza kuniomba, kwa sababu alijua ningejibu nini. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na minane, na mwanangu hakuweza kuniomba saa ishirini na tano.

Jumamosi ile jioni, tarehe ishirini na tano, niliwasha mashine saa moja. Nikapiga hesabu kwa vidole kisha kwa karatasi ya Clifford. Ikiendelea bila kukatwa, itamaliza Jumamosi ya tarehe mosi, saa tano asubuhi, wakati mimi nimeketi kwenye viti vya mbele kanisani. Itakuwa imebaki siku nzima kabla ya kufungwa.

Wiki nzima sikumwambia mtu. Mchungaji Gisiri alipita dukani kununua dawa ya minyoo, nikataka kumuuliza, nikamuuliza habari za ndama wake. Niliomba pia. Sikujibiwa, au nilijibiwa nikajifanya sisikii, kama nilivyokuwa nikimfanyia Joyline mezani.

Ijumaa saa kumi na mbili mashine ilisoma themanini na tisa. Namba ile naijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilisimama mbele yake mkono ukiwa kwenye kibodi. Kisha nikazima skrini peke yake, nikachukua leso, nikaitandaza mbele, nyuma nikaacha wazi.

Nilipotoka, Marcella alikuwa ameshaweka kitabu cha nyimbo mezani. "Tayari?" akaniuliza.

"Tayari," nikasema.

Sijawahi kumdanganya mke wangu katika miaka thelathini na moja, isipokuwa juu ya bei ya pikipiki. Tulifungua Sabato kwa wimbo na sala, na sauti yangu haikutetemeka. Hilo lilinitisha kuliko uongo wenyewe.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi. Unajua kanisa letu liko ng'ambo ya barabara tu. Tulifika mapema kwa ajili ya shule ya Sabato, mimi nikapanda mbele kwenye viti vya wazee. Saa tatu na kidogo nilimwona Marcella akijikunyata, kisha akainuka akatoka. Sikufikiri lolote. Nilikuwa nahesabu kichwani, tisini na nane, tisini na nane na nusu.

Alirudi tunasimama kuimba. Alikuja kwa haraka, na magoti yale mabovu, akaingia kwenye safu yake na kuniangalia kwa tabasamu dogo. Mabegani alikuwa amejifunga leso nyekundu yenye maua ya manjano.

Niliendelea kuimba. Sikujua nifanye nini kingine, mbele ya watu wote wale.

Baada ya ibada, tulipokuwa tukivuka barabara, alinishika mkono akaniambia polepole asisikike, "Baba Joyline, jana ulisahau mashine. Nimeinua leso nikaona taa inawaka. Nimeizima pole pole, vile ulinionyesha, isiharibike." Akanibana vidole. "Usijali. Sitaambia mtu. Hata Mchungaji."

Alikuwa na furaha, mwanangu. Tangu mwezi wa tatu sijamwona na furaha ya namna ile. Alikuwa ameninusuru, na siri yangu ilikuwa kwake, na alitembea akiwa mwepesi. Nilimwambia, asante, Mama Joyline.

Jua lilipozama niliwasha mashine nisome tu. Ilikuwa imefika asilimia tisini na nane, na chini yake sifuri mpya ilikuwa ikisubiri. Jana Jumapili mradi ulifungwa. Leo asubuhi nilifungua ule ukurasa kwa simu dukani. Joyline wa Uriri, elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.

Sijui nisomeje jambo hili. Kuna saa naona Mungu amenikemea kwa mkono wa mke wangu, na kuna saa naona ni baridi tu ya asubuhi na kanisa lisilo na madirisha mazima. Ukiwa na jibu, usinitumie. Na zile tiba za kompyuta pia usinitumie tena, hata ukikumbuka moja nzuri. Nitairudisha mashine kwa Clifford mwezi ujao, atoe vipuri vitakavyomfaa mtu.

Nina ombi moja. Wanasema ukurasa utaondolewa kabla ya Krismasi. Uchapishe kwenye karatasi, mahali penye jina lake tu, unitumie kwa Dolphine akija likizo. Namba hata ikiwa haikusogea, ni yake.

Nisalimie Lynnet. Mwambie nilipita kwao Magunga Septemba, mama yake mzima, na bado hajaamini kwamba huko kwa binti yake hakuna mtu anayekula samaki na kichwa chake. Wapigie watoto busu. Okari anakusalimu, amenunua shamba dogo karibu na Rapogi na anatembea kifua mbele kama chifu. Mungu akuzungushie mkono wake huko ulipo, akupe siku nyingi, na Sabato zako azipokee jinsi zilivyo.

Namaliza. Marcella ameniita chakula mara mbili, na leso iko mabegani mwake, tangu juzi haivui. Juzi tukiwa njiani aliniambia kitu kingine, nami nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine. Alisema alipoitoa leso juu ya kompyuta aliikuta ina joto, joto kabisa, kana kwamba Joyline ameivua sasa hivi. Ndiyo maana alirudi kanisani mbio na magoti yake. Alitaka kuivaa kabla haijapoa.

Sijamwambia joto lile lilikuwa linafanya kazi gani.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye kama niliyekuzaa,

Ombui